Mtihani wa kumiliki gari la deraya la mtumba

RAIS William Ruto alipohutubia mkutano kuhusu Haiti jijini New York mnamo Septemba 2025, alitoa lalama ambayo fundi yeyote wa magari mjini Bungoma au Kitale angeielewa bila kufafanuliwa. Alisema kwamba mengi ya magari ya deraya ambayo polisi wa Kenya walipewa na Marekani kwa kazi ya Haiti yalikuwa ya mitumba, kwamba yaliharibika mara kwa mara, na kwamba yalikuwa yakiharibikia mahali pa hatari na kuyatia maisha ya maafisa mashakani.

Lalama hiyo haikuwa ya nadharia. Wiki tatu tu kabla ya hapo, tarehe 31 Agosti 2025, afisa mmoja wa Kenya alifariki nchini Haiti katika ajali iliyohusisha magari mawili ya deraya aina ya MaxxPro. Moja lilikuwa limekwama kwa hitilafu, na jingine lilikuwa likilivuta.

Mwaka mmoja awali, wakati wa ziara ya kiserikali ya Rais Ruto jijini Washington mnamo Mei 2024, Ikulu ya Marekani ilikuwa imetangaza kwamba Kenya ingepokea takriban magari 150 ya deraya aina ya M1117 pamoja na helikopta 16. Habari hizo zilipokewa kwa shangwe. Ni wachache waliouliza maswali ambayo huulizwa na mtu anayenunua gari kuukuu kando ya barabara: vipuri vyake vinapatikana wapi, na nani anajua kulitengeneza?

Maswali hayo huonekana mazito yakiulizwa Nairobi. Huwa mepesi yakishushwa hadi kiwango cha gari moja na mmiliki mmoja. Chukulia kwamba mkazi wa Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma katika barabara ya kuelekea Chwele, angetaka kununua gari dogo la deraya lililostaafishwa na jeshi, alifufue na alimiliki. Je, angekumbana na nini? Jibu lake linafichua mengi kuhusu mzigo ambao taifa zima limeubeba.

Gari dogo, kazi kubwa

Gari ambalo wapenzi wa zana kuukuu hulitafuta sana ni Ferret, gari la upelelezi lililoundwa na kampuni ya Daimler ya Uingereza kati ya 1952 na 1971. Jumla ya magari 4,409 yalitoka kiwandani. Hubeba watu wawili, dereva na kamanda. Ganda lake la chuma lina unene wa kati ya milimita 6 na 16, kiasi cha kuzuia risasi za bunduki ndogo na vipande vya makombora, lakini si mzinga. Kazi yake haikuwa kupigana bali kuchungulia, kuripoti kwa redio na kuondoka upesi. Ndiyo maana giaboksi yake ina gia 5 za kwenda mbele, na zote 5 zaweza kutumika kurudi nyuma.

Magari haya si mageni Afrika Mashariki. Wanajeshi wa Tanganyika Rifles walipoasi jijini Dar es Salaam mnamo Januari 1964, manowari ya kubeba ndege, HMS Centaur, iliwasili ikiwa na makomando wa Uingereza pamoja na magari ya Ferret. Kwa upande wa Kenya, orodha za kimataifa za zana za kijeshi zilihesabu kwa miaka mingi Ferret 12 na Shorland 8, mbali na makumi ya magari ya AML kutoka Ufaransa.

Nchini Uingereza, raia wa kawaida huruhusiwa kununua Ferret iliyoondolewa silaha, kuisajili na kuiendesha barabarani. Kuna wauzaji wa vipuri, vyama vya wamiliki na mikutano ya kila mwaka ambako magari hayo huonyeshwa yaking'aa kana kwamba yametoka kiwandani jana. Lakini wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya gari moja linalotembea mara nyingi kuna jingine lililofunguliwa na kubaki mifupa, vipuri vyake vikiwa vimehamishwa.

Ugumu wenyewe uko katika maumbile ya gari. Injini yake ni ya petroli, Rolls-Royce B60 yenye silinda 6 na ujazo wa zaidi ya lita 4, ambayo haina ndugu katika maduka ya vipuri ya Bungoma wala Kitale. Tangi lake la lita 96 hulipeleka takriban kilomita 306 tu. Maana yake ni kwamba lita moja humalizika baada ya kilomita 3 hivi, na mwenye kuliendesha kutoka Bungoma hadi Nairobi, umbali unaokaribia kilomita 400, sharti asimame njiani kujaza mafuta.

Giaboksi nayo ina desturi yake. Dereva huchagua gia kwanza kwa mkono, kisha hukanyaga pedali ndipo gia hiyo iingie. Asiyejua kuikanyaga hadi mwisho anaweza kurushiwa pedali hiyo kwa nguvu na kuumia mguu.

Zaidi ya hayo, nguvu za injini hugawanywa pande mbili, kulia na kushoto, na magurudumu ya upande mmoja hulazimika kuzunguka kwa mwendo mmoja. Iwapo tairi la mbele limelika kuliko la nyuma yake, au upepo wake umepungua, vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu hujikaza, hupata moto na hatimaye huvunjika, hasa katika barabara ya lami. Mmiliki anayebadilisha tairi moja ili kuokoa pesa hujikuta akinunua vipuri vya maelfu ya shilingi.

Ni kweli kwamba eneo la Bungoma na Trans Nzoia lina mafundi hodari. Wapo walioishi kwa kufufua matrekta ya Massey Ferguson yenye umri wa nusu karne, na wapo waliojifunza kazi katika mitambo ya sukari ya Nzoia na ya karatasi ya Webuye. Vyuo vya ufundi vya Kitale na Sang'alo vimetoa vijana wengi wa kazi hiyo. Fundi wa aina hii anaweza kuchomelea ganda, kusuka upya nyaya za umeme na hata kuchonga kipande cha chuma kwa kufuata kielelezo.

Hata hivyo, hawezi kubuni kitabu cha maelekezo ambacho hajawahi kukiona, wala kuchonga mpira wa kuzibia mafuta ambao haupo sokoni. Ustadi bila vipuri ni sawa na mkulima stadi asiye na mbegu.

Vikwazo vya sheria

Kabla ya kufika kwa fundi, mkazi huyo wa Kibabii angekwama mbele ya sheria. Katika mfumo wa kimataifa wa forodha, vifaru na magari ya deraya ya kivita yana kifungu chake, nambari 87.10, ambacho huyahesabu kuwa zana za vita yawe na silaha au yasiwe nazo. Kung'oa bunduki hakuligeuzi gari hilo kuwa la kawaida machoni pa afisa wa forodha bandarini Mombasa.

Akitaka kuliingiza nchini kama gari la kawaida, kanuni ya ubora ya KS 1515:2000 inamzuia, kwa kuwa inataka magari yaliyotumika yasizidi umri wa miaka 8. Ferret changa kuliko zote ilitengenezwa 1971. Bunduki ya rashasha iliyokuwa juu yake iko chini ya Sheria ya Bunduki, na si silaha ya raia. Hata kama yote hayo yangepita, bado ingebaki Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, ambayo ndiyo husajili na kukagua magari.

Ukali huu una sababu. Kaunti ya Trans Nzoia imepakana na Pokot Magharibi, na serikali ililazimika kutuma wanajeshi Kaskazini mwa Bonde la Ufa mnamo Februari 2023 kupambana na majangili wenye silaha. Gari lisilopenya risasi likiangukia mikononi mwa genge la namna hiyo, polisi wa kituo cha mashambani hawatakuwa na la kufanya. Kwa hivyo hakuna mwenye busara atakayedai kwamba magari ya deraya yauzwe kama ng'ombe katika soko la Chwele.

Lakini sheria hiyo hiyo ina upande wa pili ambao hutajwa kwa nadra. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inaeleza jinsi mali ya serikali iliyochakaa inavyopaswa kuondolewa: kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma, kuuzwa kwa zabuni au kwa mnada wa hadhara, kubadilishwa kwa mali mpya, au kuharibiwa kama taka. Inataka pia kuwepo kamati inayochunguza na kupendekeza njia ifaayo. Kwa maneno mengine, serikali inalazimika kujua kila gari lake limeishia wapi. Mwananchi, kwa upande wake, ana haki ya kuuliza.

Zawadi isiyo ya bure

Hapo ndipo mfano wa gari moja la Kibabii unapokutana na magari 150 ya taifa. Chini ya utaratibu wa Marekani wa kugawa vifaa vya ziada vya kijeshi, kifaa kwa kawaida hutolewa kikiwa katika hali kilivyo na mahali kilipo. Anayepokea ndiye hulipia kukisafirisha na kukifufua, isipokuwa kama kuna makubaliano mengine. Zawadi inaweza kuwa ya bure siku ya kutangazwa na ikawa ghali siku ya kuwashwa.

M1117 si Ferret. Ni gari kubwa zaidi lenye uzito wa zaidi ya tani 13, linalotumia injini ya dizeli ya Cummins na giaboksi ya Allison, majina ambayo mafundi wa malori nchini wanayafahamu. Hilo ni jambo la kutia moyo. Tena, Kenya haiko peke yake: Ugiriki nayo ilikubali kupokea takriban 1,200 ya aina hiyo kutoka Marekani kuanzia 2021. Pale ambapo nchi nyingi zina gari la aina moja, soko la vipuri hudumu.

Hata hivyo, injini na giaboksi ni nusu tu ya gari. Vioo vizito vya kuzuia risasi, mfumo wa magurudumu, milango na kibanda cha bunduki kinachozunguka juu yake havipatikani katika maduka ya malori. Sehemu hizo ndizo humlinda askari. Gari la deraya linalotembea huku kioo chake kimepasuka ni lori zito tu.

Kenya imewahi kupitia njia hii. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, serikali iliingia mkataba wa takriban Sh1.5 bilioni kununua ndege 15 za kivita aina ya F-5 zilizokuwa zimetumika nchini Jordan. Ununuzi huo ulizua mjadala mkali kuhusu hali halisi ya ndege hizo na thamani ya pesa za mlipa ushuru. Funzo lake lilikuwa kwamba bei ya kununua ni sehemu ndogo ya bei ya kumiliki.

Wapo watakaosema kwamba mwombaji hachagui, na kwamba gari kuukuu la deraya ni bora kuliko kutokuwa na gari. Hoja hiyo ina uzito. Kwa miaka mingi, maafisa wanaohudumu Lamu, Garissa, Wajir na Mandera wamesafiri kwa magari ya kawaida katika barabara zinazotegwa mabomu, na wengi wamepoteza maisha. Kuwanyima magari yenye deraya kwa sababu si mapya kungekuwa ukatili.

Wala utumba si kosa kwa wenyewe. Familia nyingi za Bungoma na Kitale zinasafiri kwa Toyota zilizotumika Japani, na magari hayo huwahudumia kwa miaka mingi. Lakini Toyota ya mtumba humfaa mwenyewe kwa kuwa kila mji una duka la vipuri vyake, na kila mtaa wa jua kali una fundi aliyekwisha kuifungua mara mia. Mtumba wa Toyota huja ukiwa na ukoo wake mzima. Mtumba wa kijeshi huja kama yatima.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo viongozi hawaielezi wanapopokea funguo mbele ya kamera. Wamiliki binafsi wa Ferret nchini Uingereza wameijua kwa miongo mingi. Mmiliki makini hununua vipuri kabla ya kuvihitaji, huweka daftari la kila kazi iliyofanywa, huwasha gari mara kwa mara hata kama halina safari, na hujua ni lini aliache lipumzike. Asiyeweza kuyafanya hayo huuza mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na kwa gari la deraya, ukuta huo huweza kugharimu uhai wa mtu.

Kumbukumbu za Elgon

Katika eneo hili kuna jambo jingine linalozidi vyuma na vipuri. Barabara inayopita Kibabii na kupanda kupitia Chwele huelekea Mlima Elgon, ambako kundi la Sabaot Land Defence Force, SLDF, lilianzisha vita mnamo 2006 kwa sababu ya ugavi wa mashamba ya Chepyuk. Kwa mujibu wa shirika la Human Rights Watch, kundi hilo liliua zaidi ya watu 600. Mnamo Machi 2008 serikali ilituma wanajeshi katika Operesheni Okoa Maisha, na miezi miwili baadaye kiongozi wa kundi hilo, Wycliffe Matakwei, akauawa.

Amani ilirejea, lakini kwa gharama. Maelfu ya wanaume walikamatwa na kuhojiwa, na mashirika ya haki yaliripoti mateso katika kambi ya Kapkota, madai ambayo serikali iliyakanusha. Miaka mitatu baadaye, Human Rights Watch lilisema zaidi ya watu 300 walikuwa hawajulikani waliko, baadhi wakiwa wametekwa na kundi hilo na wengine wakiwa wamechukuliwa na vikosi vya usalama.

Kwa familia hizo, gari la kijeshi si pambo. Wapo wanaolikumbuka kama wokovu uliowaondolea wauaji, na wapo wanaolikumbuka kama chombo kilichombeba mume au mwana asirudi. Raia atakayeliegesha gari la namna hiyo uani kwake kwa starehe atakuwa ameegesha pia kumbukumbu za jirani zake. Jambo hilo halimo katika sheria ya forodha, lakini ni la kweli vilevile.

Hii haimaanishi kwamba magari yote yanayostaafu yanastahili kuyeyushwa. Biashara ya vyuma chakavu imeshawahi kuitia nchi hasara, hata serikali ikalazimika kuisimamisha kwa muda mnamo Januari 2022 kufuatia uharibifu wa miundomsingi ya umeme. Na chuma kikishayeyushwa, historia yake huyeyuka nacho.

Kitale kuna makavazi ambayo asili yake ni mkusanyo wa afisa wa jeshi. Kanali Hugh Stoneham alianzisha makavazi yake ya binafsi mnamo 1926, na baada ya kifo chake Kitale ikapata makavazi ya taifa yaliyofunguliwa 1974. Makavazi ya Taifa ni taasisi ya umma. Kwa hivyo njia ya kwanza katika sheria ya 2015, yaani kuhamishia mali kwa taasisi nyingine ya umma, inatosha kabisa kulipeleka huko gari moja la upelelezi lililostaafu, likiwa limeondolewa silaha. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi wangeweza kulifufua kama sehemu ya masomo yao, na wale wa Chuo Kikuu cha Kibabii wakakusanya simulizi za askari na za raia ili zisomwe pamoja. Gari hilo lingemilikiwa na wote, na hakuna jangili angelipata.

Maswali ya kuulizwa

Kwa magari ambayo bado yako kazini, wajibu uko kwa Bunge. Kamati ya ulinzi haina haja ya kufichua siri za kijeshi ili iulize maswali ya kimsingi. Kati ya magari yaliyopokewa, ni mangapi yanayowaka na kutembea siku yoyote ya kawaida? Vipuri vilivyopo ghalani vitatosha miaka mingapi? Mafundi wangapi wamefunzwa, na je, wanabaki kazini au wanahamishwa punde wakishaiva? Ni fedha kiasi gani zimetengwa kila mwaka kwa matengenezo, mbali na zile za kusafirisha? Na gari likifika mwisho wa maisha yake, litaondolewa kwa njia ipi kati ya zilizoorodheshwa na sheria?

Mkaguzi Mkuu wa Serikali naye ana mamlaka ya kikatiba ya kuhakikisha kwamba fedha za umma zimetumika kihalali na kwa manufaa. Hesabu ya magari yaliyopokewa haitoshi kuwa ushahidi wa hilo. Hesabu inayofaa ni ya magari yanayofanya kazi.

Familia za Bungoma na Trans Nzoia, kama zile za kaunti nyingine zote, zina vijana katika jeshi na polisi. Kijana huyo hachagui gari atakaloingia, hupewa. Anayemchagulia ana deni la kuhakikisha kwamba litawaka asubuhi, halitazimika katikati ya barabara yenye maadui, na likizimika kuna aliyejiandaa kumwokoa. Iwapo serikali haiwezi kulipa deni hilo kwa magari 150, ni heri ipokee 50 na kuyatunza.